Jibu: Misalaba myeupe kwenye poncho ya Wamapuche

Mkuu, umeuliza kama ile misalaba yenye kingo za ngazi kwenye poncho (vazi la sufu lenye tundu la kupitisha kichwa) ya lonko, kiongozi wa jamii ya Wamapuche, wenyeji wa Chile na Argentina, hutarizwa. Hapana, nyuzi hutiwa rangi kabla ya kufuma. Sufu nyeupe iliyosokotwa ikakaza hutandwa kwenye witral, kitanda cha mfumi kinachosimama wima. Nyuzi za mtande, yaani zile za wima, hukusanywa mafungu mafungu na kufungwa pale panapotakiwa kubaki peupe, kisha huchovywa kwenye rangi. Uzuri wote uko kwenye kufunga: fundo likilegea, rangi hupenya na ngazi hufifia. Mshindio, uzi unaopitishwa kukata mtande, hushindiliwa kwa ñerewe, upanga wa mbao, mpaka ufichwe na mtande. Na tundu la shingo halikatwi. Katikati hutumika mishindio miwili, kila mmoja upande wake.