Jibu: SSD mpya haionekani kwenye BIOS
Mkuu, umesema SSD (diski ya kuhifadhia data) ya M.2, ile nyembamba kama kijiti, imeingia vizuri kwenye laptopu yako ya zamani ila BIOS, yaani programu inayoanza laptopu ikiwashwa, haiioni. Kabla hujamwakia muuza duka, ichomoe uangalie meno yake ya dhahabu. Ikiwa na pengo moja tu, karibu hakika ni NVMe. Zenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA. Hizo ni njia mbili tofauti za diski kuwasiliana na kompyuta. Kuna mashine kibao za miaka ya 2014 hadi 2016 ambazo tundu lake la M.2 linasoma SATA peke yake. Kukaa inakaa, skrubu inafunga, lakini diski ya NVMe na laptopu haviongei. Kufomati hakutasaidia, na kuhangaika na draiva ni kumaliza bando bure. Tazama modeli kamili chini ya laptopu, usome mwongozo wake, halafu kabadilishe upewe M.2 SATA ya urefu uleule, mara nyingi 2280 (upana milimita 22, urefu milimita 80).