Mkutano wa Mtandaoni Upimwe kwa Aliye Mbali: Ushauri kwa Vikundi Vidogo vya Lamu

Kabla kikundi hakijatoa shilingi yake ya kwanza kwa ajili ya kompyuta, ruta (kifaa cha kusambaza mtandao) au malipo ya programu, wanachama wake na wakae waulizane ni nani kati yao mwenye mtandao dhaifu kuliko wote. Hapa kwetu Lamu jibu halichelewi kupatikana. Katibu yuko Amu, yaani Lamu mjini, na simu yake inashika vizuri. Mwenyekiti yuko ng'ambo ya bara, katika miji ya Mokowe au Hindi. Lakini mweka hazina yuko Faza au Kizingitini katika kisiwa cha Pate, ana simu iliyopasuka kioo, na bando lake la wiki ndilo hilo hilo watoto wanalofanyia kazi za shule. Katika miaka niliyovisaidia vikundi vya akina mama, vya vijana na vya watunza mikoko, nimeona kwamba kikundi kinachopima mambo yake kwa huyu mweka hazina hutumia fedha kidogo na huendesha mikutano ya adabu, ilhali kile kinachojipima kwa katibu wa mjini hununua vitu vya ghali na kuishia na mikutano ambayo nusu ya watu hawasikiki.

Tuanze na hesabu ya bando, kwa sababu ndiyo inayomtoa mtu mkutanoni kimyakimya. Saa moja ya mkutano wa picha kwa Zoom huweza kula megabaiti 500, na ubora wa picha ukiongezeka hupita hata gigabaiti 1. Sauti tupu kwa muda huo huo haifiki megabaiti 100. Wengi hudhani kwamba ukishazima kamera yako umeokoa kila kitu. Sivyo, kwa maana picha za wenzako zinaendelea kushuka kwenye simu yako, na bando linaendelea kuliwa. Ni lazima uingie katika mipangilio ya programu na uchague kutopokea picha, kazi ambayo mwenyekiti anapaswa kumfundisha kila mwanachama ana kwa ana, simu ikiwa mkononi, siku watu wanapokutana kwa jambo lingine. Aidha, kikundi kikiweka katika bajeti ya mradi kifungu cha bando la washiriki, kisione haya: mfadhili anayelipia nauli ya boti ya kwenda mkutanoni hana sababu ya kukataa kulipia nauli ya kufika mkutanoni kwa simu.

Kuhusu programu zenyewe, sioni haja ya kikundi kidogo kulipa chochote mwanzoni. Mkutano wa bure wa Zoom hukatika baada ya dakika 40. Google Meet huwapa watu watatu na zaidi dakika 60 bila malipo. WhatsApp, ambayo karibu kila mwanachama anayo tayari, hubeba hadi watu 32 katika simu moja, na kwa kikao cha kamati hiyo inatosha kabisa. Sijaona sababu ya kumlazimisha mama wa makamo apakue programu mpya kwa ajili ya kikao cha watu saba. Kikundi kikikua na kuhitaji zaidi, kuna misaada inayotolewa rasmi kwa mashirika yasiyolenga faida: Google na Microsoft zina mipango ya barua pepe na hifadhi ya mafaili bila malipo kwa mashirika yaliyothibitishwa, Canva, programu ya kutengenezea mabango na picha, huwapa bure huduma yake ambayo wengine huilipia, na TechSoup, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1987, huunganisha mashirika na programu kwa bei iliyopunguzwa.

Milango hiyo ina kizingiti kimoja ambacho huwakwaza wengi, nacho ni karatasi. Kila mmoja ataomba cheti cha usajili, na jina lililo kwenye cheti ni lazima lifanane herufi kwa herufi na jina mlilojaza kwenye fomu. Nimekaa na kikundi kimoja ambacho cheti chake kilikuwa na jina refu la Kiingereza, mhuri wake ulikuwa na ufupisho, na ukurasa wake wa Facebook ulikuwa na jina la Kiswahili. Maombi yao yalirudishwa hadi pale walipoyapatanisha yote matatu. Kwa kuwa Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1990, na kwa kuwa vikundi vya kijamii vina sheria yake ya usajili ya mwaka 2022, ni vyema mhakikishe mmesajiliwa chini ya sheria gani kabla ya kujaza fomu yoyote.

Jambo ambalo ningependa kulisisitiza kuliko yote katika upande huu ni umiliki wa akaunti. Katika vikundi vyetu kazi ya mtandao hukabidhiwa kijana mmoja mwenye bidii, naye hufungua kila kitu kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu. Kisha kijana anapata kazi Mombasa au Ghuba, anabadilisha laini, na kikundi kinabaki nje ya mafaili yake: orodha za wanachama, picha za mradi, ripoti za miaka. Kijana hana kosa, hakuambiwa. Akaunti ifunguliwe kwa jina la kikundi, laini ya simu ya uthibitisho iwe ya kikundi na ikae kwa mweka hazina, na nenosiri lijulikane na viongozi wawili walioandikwa katika kumbukumbu za kikao. Mkiweza, sajilini anwani yenu wenyewe yenye kumalizikia .or.ke, ambayo gharama yake kwa mwaka ni ndogo, ili barua pepe ibaki ya kikundi hata viongozi wakibadilika.

Kompyuta za msaada nazo zinahitaji tahadhari. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kwa hiyo ofisi nyingi zinagawa mashine zao, na zitawafikia. Msizikatae, wala msizitumie kama zilivyo. Mashine yenye kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 4 inaendesha vizuri Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, pamoja na Firefox ya kufungulia mtandao na LibreOffice ya kuandikia, na zote hizo ni programu huria zisizolipiwa. LibreOffice hufungua nyaraka za Word, ingawa mpangilio wa majedwali huweza kuhama kidogo. Ripoti ya mfadhili itumwe kama PDF na tatizo hilo halitaonekana.

Nyumba zetu za mji wa kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, zinazotunza ubaridi na kuzuia mawimbi ya ruta kwa namna ambayo mgeni haitarajii. Ruta ikiwekwa chumba cha ndani, chumba cha pili hakipati kitu. Iwekeni juu, upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, au vuteni waya hadi kwenye meza ya kazi, kwani waya wa mita chache ni rahisi kuliko ruta ya pili. Nunueni pia UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, ile inayoshikika kwa kiganja, ili stima ikikatika mkutano usikatike nayo.

Sasa niingie katika adabu, ambayo naiona nzito kuliko vyombo. Nyumba ya Lamu haimpokei mgeni ndani kwa mara moja. Kuna daka (kibaraza cha mlangoni), kuna tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kuna kiwanda, halafu ndio misana (vyumba virefu vinavyoelekea kiwandani) na ndani kwenyewe, na kila mtu anajua anaishia wapi mpaka akaribishwe. Kamera ya simu huvipita vyote hivyo na kumweka mtu wa Nairobi au London mbele ya kitanda cha mwenye nyumba, huku binti akipita nyuma bila mtandio. Ndiyo sababu mama anayezima kamera yake hajatoka mkutanoni, wala hajadharau mtu. Nimesikia waandaaji wa mikutano wakisema kwa ukali, "Wote washeni kamera tuonane," na nimewaona wanawake waliokuwa na la kusema wakinyamaza kikao kizima. Mwenyekiti amwandikie mfadhili mapema kwamba baadhi ya wanachama watashiriki kwa sauti. Nimeandika barua za aina hiyo kwa niaba ya vikundi kadhaa, na kila mara jibu limekuwa la heshima. Anayetaka kuonekana ajitafutie mahali ambapo kamera itaona kile tu ambacho mgeni wa dakani angekiona: ukuta mtupu nyuma yake, na mwanga wa dirisha mbele ya uso wake.

Kikundi kikikutana pamoja katika chumba kimoja, simu iwe moja na zilizobaki zizimwe sauti na spika, la sivyo zitapigiana kelele na hakuna atakayesikilizana na mwenzake. Simu iliyolazwa juu ya meza ya mbao hupokea kila kishindo cha kikombe, kwa hiyo tandikeni kitambaa kilichokunjwa chini yake, na panka lipunguzwe au ligeuzwe upande. Dirisha la uchochoroni lifungwe kwa ajili ya punda. Anayezungumza aisogelee simu, wala simu isipitishwe mkono kwa mkono, kwani vidole hufunika maiki na mara nyingine hukata simu yenyewe.

Salamu zetu ni ndefu, na sitaki zifupishwe. Mkutano ambao Bi mkubwa hakuulizwa hali, hakuulizwa watoto wala mgonjwa wake, kwake si mkutano wa watu wazima. Lakini kila anayeingia akitoa salamu kwa sauti na watu ishirini wakamwitikia, dakika 40 zitakwisha kabla ajenda haijafunguliwa. Utaratibu uliotufaa ni kufungua simu robo saa kabla ya wakati kwa ajili ya salamu, kwa kutumia programu isiyokata mapema. Baada ya hapo anayechelewa huandika salamu yake kwa maneno, naye mwenyekiti humtaja na kumwitikia kwa niaba ya wote. Vivyo hivyo dua ya kufunga: nimeshuhudia kikao kikikatwa na programu mzee akiwa katikati ya dua, na uchungu ulioonekana usoni mwa waliokuwa chumbani haukuwa mdogo. Mkitumia huduma yenye ukomo wa dakika 40, shughuli ziishe dakika ya 30.

Majina yanayotokea kwenye skrini yarekebishwe. Simu nyingi hutuma jina la aina yake, na kiongozi wa mradi asiyewajua watu huishia kumwita mzee wa miaka sabini kwa jina la kiwanda cha simu. Mwanachama asaidiwe kuandika jina lake pamoja na wadhifa au heshima yake, iwe ni Bi, Mwalimu au Ustadh.

Wakati uandikwe kwa njia mbili, "saa tisa alasiri, yaani 15:00 kwa saa za Kenya," kwa sababu mialiko ya programu huhesabu kwa saa 24 na wazee huhesabu kwa Kiswahili. Mkumbuke pia kwamba Ulaya hubadilisha saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba: London huwa nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi. Lamu iko karibu na ikweta, hivyo nyakati za swala hazihami sana mwaka mzima, na ni rahisi kumpa mfadhili ratiba moja inayokwepa adhuhuri, alasiri na magharibi, pamoja na mchana wote wa Ijumaa. Mkiwa na wavuvi kikundini, waulizwe kuhusu bamvua, yaani siku za maji makuu, kabla ya tarehe kupangwa. Adhana ikisikika mkutano ukiendelea, mwenyekiti anyamazishe maiki na aombe kimya; wageni huelewa wakielezwa kwa sentensi moja.

Kuhusu kurekodi nina msimamo usiolegea. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu, zikiwemo picha na sauti yake. Hata bila sheria, mtu anayesimulia ugonjwa wake au deni lake katika kikao cha akina mama amewaambia waliomo chumbani, hakuwaambia waliomo ndani ya faili litakalotumwa. Siku hizi waalikwa huja na programu zinazosikiliza na kuandika mazungumzo zenyewe, na jina la programu huonekana kwenye orodha ya waliohudhuria kana kwamba ni mtu. Mwenyekiti ana haki ya kuuliza ni ya nani, maandishi yatakwenda wapi, na kuitoa ikiwa kuna mmoja asiyeridhika. Zaidi ya hayo, programu hizo zinakipotosha vibaya sana Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Nimesoma muhtasari uliomwekea mama wa watu maneno asiyoyasema.

Kwa hiyo kumbukumbu ziandikwe na katibu kwa mkono wake, na jioni ile ile asome maamuzi kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili au tatu kwenye kikundi cha WhatsApp, ambao mtu ataupakua kwa bando dogo pale mtandao utakaporudi. Aliyekatika kabla uamuzi haujapitishwa apigiwe simu ya kawaida, aulizwe kauli yake, na kauli hiyo iandikwe pamoja na za wenzake kabla kumbukumbu hazijatiwa saini.