Chipsi tamu, njaa baada ya saa mbili

Ndugu, umeuliza mbona chipsi na soda za pale Kondele, Kisumu, ni tamu hivyo, lakini saa mbili haziishi njaa imerudi. Usikilaumu kiazi. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake, Australia, walipima shibe ya vyakula vyenye kalori sawa, mkate mweupe ukipewa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, chipsi 116. Kiazi kile kile! Kikikaangwa, maji hutoka kama mvuke na mafuta huingia, kwa hiyo kalori nyingi zinakaa kwenye chakula kidogo, na tumbo kwanza huhisi wingi wa chakula, si kalori. Utamu ni chumvi, mafuta na wanga pamoja, tena laini, unameza upesi kabla shibe haijafika kichwani. Soda ya nusu lita nayo ina sukari gramu 50 hivi na karibu haishibishi.

Kama lazima chipsi, chukua nusu sahani, ongeza mayai mawili ya kuchemsha na kachumbari nyingi, unywe maji. Mimi ningechagua omena, sukuma na ugali wa wimbi: protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni. Sosi ya nyanya punguza, ina sukari pia.