Karatasi ya mgonjwa huvuja ikiwa njiani

Stoo ya mafaili ina kufuli. Siri nyingi hazitokei huko. Hutoka karatasi inapohama mkono: kaunta ya mapokezi, trei ya printa, mfukoni mwa mhudumu anayepeleka majibu wodini. Hapo ndipo pa kukazia macho.

Kosa baya kuliko yote ni kumkabidhi mtu majibu ya mwenzake. Majina hufanana, dirishani pana kelele, na mgonjwa aliyechoka huitikia jina lolote. Kwa hiyo usimuulize, "Wewe ndiye fulani?" Atasema ndiyo. Mwache ataje mwenyewe jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, nawe ulinganishe na karatasi pamoja na namba ya faili. Kisha funua kila ukurasa kabla ya kutoa, kwa sababu ukurasa wa mtu mwingine hupigwa stepla humo kwa urahisi sana.

Printa ya pamoja nayo ina mtego wake. Karatasi ikikwama, wengi huondoka na kutuma kazi upya kwenye mashine nyingine. Ile ya kwanza hubaki kwenye foleni, na mashine ikitengenezwa huchapa majibu mbele ya yeyote aliyepo. Futa kazi hiyo kabla hujaondoka.

Rejista ya kusaini humwonyesha kila anayeinama mistari ya waliomtangulia. Kata kadibodi yenye nafasi ya mstari mmoja, uifunike juu yake. Juu ya jalada la faili usiandike ugonjwa, wala usibandike stika ya rangi ambayo kila mtu ameshaijua maana yake.

Ndugu wakiomba karatasi, undugu peke yake si ruhusa, hata kama ni mume au mama wa mtu mzima. Muulize mgonjwa kwanza, akiwa peke yake, na ridhaa yake iandikwe.

Ukitakiwa kuficha sehemu ya maandishi, wino mweusi hautoshi: ukiinua karatasi kwenye mwanga, herufi husomeka. Paka wino kwenye nakala, itolee fotokopi, ikague, kisha utoe hiyo fotokopi.

Fomu zilizoharibika zisigeuzwe karatasi za kuandikia upande wa pili. Zikatwe kwa mashine ya kuharibu karatasi; ila inayokata vipande virefu haifai, maana vipande hivyo huunganishika. Tafuta yenye kiwango cha P-4 cha DIN 66399 (kanuni ya Kijerumani ya kuharibu nyaraka), ambayo kipande hakizidi milimita za mraba 160. Kabla ya kuharibu faili, hakikisha muda wa kulitunza kisheria umekwisha, na uandike namba yake, tarehe na shahidi.

Picha ya fomu kwenye simu binafsi tunaipinga kabisa. Simu nyingi huhifadhi picha kwenye intaneti zenyewe, na kuifuta kwenye simu si lazima kuifute kule.

Karatasi ikipotea, mwambie msimamizi saa hiyo hiyo: ni ipi, ilionekana wapi mara ya mwisho, nani aliishika. Ukingoja hadi kesho, pipa la taka litakuwa limeshabebwa.