Koma na nukta zinazovuruga bei

SWALI: Natengeneza ukurasa wa matangazo ya viwanja hapa Malindi. Wauzaji hujaza bei kwenye fomu, nami naondoa koma kabla ya kupiga hesabu:

`bei.replace(",", "");`
`Number(bei);`

Mtu akiandika "1,250,000" napata NaN (yaani "si namba"). Tatizo liko wapi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Yako mawili, ndugu msomaji. Kwanza, maandishi katika JavaScript, lugha ya programu uliyotumia, hayabadiliki yalipo. `replace` hurudisha maandishi mapya, nawe hukuyapokea popote, kwa hiyo `bei` ingali na koma zake. Pili, hata ungeyapokea, `replace` ikipewa maandishi ya kawaida hugusa koma ya kwanza tu. Ungebaki na "1250,000", na `Number` haikubali hata koma moja. Andika:

`bei = bei.replaceAll(",", "");`

Kama ulitangaza `bei` kwa `const`, isiyoruhusu kupewa thamani mpya, mstari huu utagoma, tumia `let`. `replaceAll` iliingia rasmi kwenye lugha mwaka 2021, na simu kuukuu huenda isiijue. Hapo tumia `bei.replace(/,/g, "")`, hiyo `g` ndiyo inayoagiza koma zote.

Lakini kwa Malindi kazi haijaisha. Wateja Waitaliano ni wengi, na Mwitaliano huandika milioni moja na robo hivi: 1.250.000. Koma kwake ni ya senti. Tafadhali usikimbilie `/./g`. Ndani ya ruwaza, yaani kilicho kati ya mikwaju miwili, nukta humaanisha herufi yoyote, hivyo bei yote itafutika, na `Number("")` ni 0, wala si NaN. Kiwanja kitatangazwa kwa shilingi sifuri bila onyo lolote. Nukta halisi huandikwa `/\./g`, au tumia `replaceAll(".", "")`, ambayo huichukua nukta kama ilivyo.

Kwa bei za Kiitaliano fuata mpangilio huu:

`bei = bei.replaceAll(".", "").replace(",", ".");`

"1.250,50" itakuwa 1250.5. Ukigeuza koma kwanza, nukta yake mpya nayo itafutwa, na utapata 125050, yaani mara mia kamili.

Mtindo wa mwandishi usiukisie. "1.250" ni elfu moja mia mbili hamsini kwa Mwitaliano, ila kwa `Number` ni moja na robo. Muulize muuzaji achague mtindo kwenye fomu. Mimi ningependelea kisanduku kipokee tarakimu tupu, kwa `pattern="[0-9]+"`, kwani bei ya kiwanja haihitaji senti.