Anajifanya, au ubongo umeumia?

*Shangazi, mume wangu ana miaka 66, mstaafu wa reli. Mwaka juzi alipata kiharusi, akapona na kubaki na mkongojo, kisha akaacha dawa za presha. Mwaka huu kimempiga tena, upande wa kushoto umelegea. Anakula nusu ya sahani halafu analalamika simshibishi. Alicheka kwenye mazishi ya dada yake, tukaona aibu. Ananiita mwizi wa pensheni yake. Vita vya Kagera anavisimulia vyote, lakini kama amekunywa chai asubuhi hajui. Kijana wetu anasema baba anajifanya. Shemeji anataka tumpeleke kwa mganga na tuache vidonge, eti vinaharibu figo. Kichwa kinaniuma kila siku. – Mama R., Morogoro*

Pole sana, mdogo wangu. Nianze na kijana wako, maana naona neno lake ndilo lililokukaa moyoni.

Baba yake hajifanyi. Mambo ya 1978 yalishakita zamani. Kilichoumia ni uwezo wa kuhifadhi mapya. Kiharusi huua sehemu ya ubongo, na cha pili kikaja kumkuta tayari ana upungufu. Ndiyo maana akili ya wagonjwa hawa mara nyingi hushuka kama mtu anayeshuka ngazi: miezi kadhaa yuko vilevile, halafu siku moja anaporomoka.

Hiyo nusu ya sahani, je, anaacha ya kushoto? Nadhani ndiyo. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaoendesha kushoto mwa mwili, na ukiumia, mtu anaweza kuwa na macho mazima lakini asitambue kilicho kushoto kwake. Kwa mumeo chakula kimekwisha, na ana haki ya kulalamika! Mwambie kijana aizungushe sahani leo usiku bila kusema neno, aone kitakachotokea. Kwa sababu hiyohiyo mzee asivuke barabara peke yake. Bodaboda ya kushoto hataiona.

Kile kicheko cha msibani wala si dharau. Kiharusi kinaweza kulegeza breki za kucheka na kulia, mtu akacheka huku moyoni ana majonzi. Mweleze daktari, kuna dawa za kupunguza hali hiyo. Nanyi msimkemee mbele ya watu.

Shemeji sasa. Kinachoharibu figo ni presha yenyewe ikiachwa juu miaka na miaka. Kama ana hofu, daktari atapima damu aone figo zikoje, na dawa ikibidi itabadilishwa. Mzee aliacha vidonge kwa sababu alijisikia vizuri, lakini presha haina desturi ya kupiga hodi. Akiviacha tena, mnakikaribisha cha tatu. Dua ombeni, hakuna aliyewakataza, ila kidonge kimezwe. Wewe ukishike mkononi na umtazame akimeza. Usimwachie pakiti mtu asiyekumbuka chai. Aspirini usimpe kwa ushauri wa jirani: kama mshipa ulipasuka badala ya kuziba, inaweza kumzidishia damu kuvuja.

Mkono uliolegea msiuvute mnapomnyanyua, bega hutoka mahali pake. Akikohoa anapokunywa, aketi wima, anywe kidogo kidogo, na daktari aambiwe. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukianguka au maneno yakikorogeka, angalieni saa, msimpe maji wala dawa, mkimbizeni hospitali papo hapo.

Kuhusu pensheni, usibishane naye. Ubongo ulioumia unaona pengo na kulijaza kwa tuhuma, na aliye karibu ndiye hutupiwa. Nunua daftari. Kila fedha inayoingia na kutoka iandikwe, asaini mtoto mmoja na shemeji huyohuyo. Amekuwa msemaji, basi awe na kazi. Namba ya siri ya simu ya mzee nayo iamuliwe kikaoni, kabla hajaitaja kwa mpita njia.

Umeandika kichwa kinakuuma kila siku, ukapita haraka kana kwamba si jambo. Presha yako imepimwa lini? Utakapompeleka kliniki, keti nawe kwenye kile kiti upimwe. Na siku mbili kwa juma kijana ndiye alale chumba cha baba yake.