Karindula yangu imekufia wapi?

SWALI: Yaya, habari za kazi. Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi. Natengeneza muziki wa elektroniki kwa programu ya FL Studio kwenye kompyuta ya kuazima. Nilimrekodi mjomba wangu kwa simu akipiga karindula, lile gitaa la pipa, nikaweka juu yake ngoma na besi ya amapiano, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini, tempo 112, yaani mapigo 112 kwa dakika. Sasa msambazaji wa mtandaoni, anayepeleka nyimbo kwenye majukwaa ya kusikilizia, anataka nichague mtindo mkuu na mtindo wa pili, bila hivyo fomu haiendi mbele. Rafiki mmoja ananiambia niandike amapiano ndipo watu watanisikiliza. Mwingine anasema majina ya mitindo ndiyo yanayoua ubunifu, niandike chochote tu. Yupi yuko sawa? Na jambo jingine: karindula ya mjomba ikipigwa uani watu wanainuka kucheza, mbona ndani ya wimbo wangu inasikika kama maiti? Nimekutumia mradi wote uufungue.

JIBU: Mdogo wangu, nimeufungua. Umeme ulirudi saa nne usiku, majirani wamelala, kwa hiyo nimekusikiliza kwa utulivu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana jibu la yale mengine limejificha humo.

Rekodi ya mjomba ni nzuri. Kuna jogoo, kuna mtoto anacheka, kuna mtu anaomba maji; usifute hata kimoja. Anaanza kwenye mapigo kama 94 kwa dakika, na ikifika dakika ya tatu yuko 101 kwa sababu mkono umeshapata moto. Wewe je? Ulifungua mradi, ukaandika 112 kabla sauti yoyote haijaingia. Kisha ukaivuta rekodi mpaka ikatoshea, ukaikatakata, ukaiacha ile alama ya sumaku ivute kila kipande kwenye mstari wa gridi (ile mistari ya programu inayogawa muda) ulio karibu.

Vumilia hesabu kidogo. Kwenye 112, pigo moja lina milisekunde 536. Gridi yako inaligawa pigo hilo kwa 4, kwa hiyo mistari imesimama kwenye 0, 134, 268 na 402. Mjomba hagawi kwa 4, anagawa kwa 3: miguso yake iko kwenye 0, 179 na 357. Sumaku ikaushika mguso wa pili ikauwahisha kwa milisekunde 45 mpaka 134. Ikaushika wa tatu ikauchelewesha kwa 45 nyingine mpaka 402. Palipokuwa na hatua tatu zinazolingana sasa pana hatua ya 134, ya 268, halafu ya 134 tena. Mzee alikuwa anatembea, umemfanya achechemee. Kichwa huenda kisizione hizo milisekunde 45, lakini kiuno kinazihesabu, ndiyo maana hakuna anayeinuka.

Halafu kuna jambo la besi. Kwenye karindula umekata kila kitu kilicho chini ya hertsi 250, yaani sauti zote nzito, naelewa kwa nini: ulitaka kuipisha logidramu, ile besi inayogonga kama ngoma ya gogo, kwa kuwa kwenye amapiano logidramu ndiyo mwenye nyumba. Lakini karindula ni pipa la mafuta lililovishwa ngozi ya mbuzi, likapewa shingo na nyuzi 4. Sauti yake iko tumboni. Ukiikata chini ya 250 umebakiza nyuzi zinazokwaruza, tumbo umelitupa. Ni kama kumwandalia mgeni sombe, mboga ya majani ya muhogo, ukasahau bukari, yaani ugali.

Sasa jiulize ni lipi kati ya hayo uliliamua kwa sikio. Tempo, gridi, nani akae na besi: yote matatu yaliamuliwa na neno moja, amapiano, ulilolitumia kuipa faili jina, dakika ya kwanza, kabla mjomba hajasikika. Hapo ndipo karindula ilipofia.

Kuifufua si kazi kubwa. Rudisha rekodi kwenye mwendo wake, usiivute. Igonge tempo kwa kidole ukimfuata mjomba, iache ipande kutoka 94 hadi 101 kama anavyopanda yeye, ngoma zako zimfuate. Kwenye sumaku chagua theluthi ya pigo. Kwenye ile safu ya vitufe 16 vya ngoma, punguza viwe 12, uvisome kama mapigo 4 yenye sehemu 3 kila moja. Fungua besi ya karindula mpaka chini kabisa. Simu haikunasa mengi huko, kwa hiyo usitarajie miujiza. Rekodi tena ukiweza, simu ikae karibu na ngozi, isiwe mbele ya uso wa mjomba. Logidramu ukiipenda ibaki, ila ijibu pale mjomba anaponyamaza. Nilijaribu hivyo kwa sekunde 40 tu, na mguu wangu ukaanza wenyewe.

Usimpe ushindi rafiki yako wa pili kwa sababu hiyo. Kutokuwa na jina hakungekuokoa, maana hata programu ina mtindo wake inaoufikiria kimyakimya. Ableton Live mpya hufunguka kwenye 120, FL Studio za sasa kwenye 130, zote zikihesabu 4 kwa 4. Anayesema "mimi sina mtindo" halafu akaanza kubonyeza vitufe 16 alivyopewa, anao mtindo, hakuuchagua tu.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Zamani CD za Afrika Kusini zilitufikia kwa malori yanayopita mpakani Kasumbalesa, nami nikaipenda kwaito, muziki wa dansi wa huko, mpaka nikatengeneza mradi wa mfano: kiki (ngoma nzito ya chini) ileile, tempo ileile, kila kitu tayari, kazi yangu kujaza tu. Nikatoa nyimbo kama ishirini. DJ mmoja wa Kamalondo akaniambia kwa furaha kwamba nyimbo zangu anaziunganisha usiku mzima bila kugusa kitufe cha tempo hata mara moja. Alikuwa ananisifu. Nilirudi nyumbani sikupata usingizi.

Hata hivyo nisingekuwa fundi bila ile kwaito. Kuiga mtindo mmoja kwa ukali, mwezi au miwili, ndiko kulikonifundisha kiki inakaa wapi na kwa nini besi huchelewa kidogo. Jina la mtindo kwa anayejifunza ni kama cherehani ya kuazima: unashonea, unarudisha. Shida yangu ni kwamba sikuirudisha.

Tazama majina haya yalizaliwaje. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ndogo iitwayo TB-303 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwalenga wapiga gitaa wasio na mpiga besi. Haikufanana na gitaa la besi hata kidogo. Ikaachwa, ikawa inauzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakaipata, wakaanza kuzungusha vifundo vyake huku inapiga, kitu ambacho maelekezo ya kiwanda hayakukikusudia, ikatoka ile sauti ya kulialia. Wimbo wao ulitoka 1987, na jina acid house, tawi la house, ule muziki wa dansi wa Chicago, likaenea kwa kuifuata sauti hiyo. Sauti ilitangulia, jina likaja mbio nyuma yake.

Detroit ni kisa kingine, na hapa rafiki yako wa pili angepaswa kukaa kimya. Mwaka 1988 Waingereza walikuwa wanakusanya nyimbo za vijana wa Detroit kwenye sahani moja, nusura waiite house ya Detroit, yaani wawaweke chini ya kivuli cha Chicago. Juan Atkins akaleta wimbo uliokuwa na neno techno kwenye jina lake, na sahani nzima ikabadilishwa jina. Muziki wenyewe walikuwa wameshaupiga kwa miaka kadhaa. Jina halikuwabana. Liliwapa anwani yao.

Singeli ya Dar es Salaam ni hivyohivyo. Vijana walichukua vipande vya taarab na miziki mingine, wakavikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika na kupita. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipoanza kuupeleka muziki huo Ulaya mwaka 2017, haikuupeleka kama tekno ya Kiafrika. Uliondoka na jina lake la nyumbani, na Mzungu akalazimika kujifunza kutamka singeli. Jina ulilojipa mwenyewe baada ya kazi halina madhara ninayoyajua.

Ulilopewa na mgeni ni suala jingine. Konono N°1 wa Kinshasa walikuwa wanapiga likembe, kile kinanda kidogo cha vidole, kwa vipaza sauti vyenye sumaku zilizotolewa kwenye vyuma vya magari, tangu enzi za wazee, kwa sababu moja tu: wasikike juu ya kelele za barabara. Ile mikwaruzo ya spika ilitokana na vifaa, wakaizoea, wakaipenda. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Ubelgiji ikawaweka kwenye mfululizo ulioitwa Congotronics, na wasikilizaji wa Ulaya wakawapokea kama ndugu wa muziki wa elektroniki. Liliwafungulia milango, siwezi kulikana. Lakini jina lile lilikuwa la msikilizaji, si la mpigaji. Mwanzilishi wao Mawangu Mingiedi alikuwa anapiga muziki wa Wazombo, watu wake.

Sasa fomu yako. Kwanza ujue visanduku hivi vimetoka wapi. Mwaka 1996 lebo ya kwanza ya faili za MP3 ilikuwa kipande cha baiti 128 mwishoni mwa faili, na mtindo ukapewa baiti 1. Orodha ilikuwa ya mitindo 80. Tekno imo, house imo, polka, dansi ya Ulaya, imo, hata mizaha ina nafasi yake. Rumba haimo. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, ilikuwa haina namba, polka inayo! Aliyeitunga orodha sidhani alikuwa na ubaya wowote, aliandika alichokuwa nacho kabatini. Visanduku vya msambazaji wako ni kama wajukuu wa orodha ile. Kwa hiyo usivipe heshima kubwa, wala usivikasirikie. Ni anwani ya kufikishia mzigo.

Usiandike amapiano. Si kwa sababu ya usafi wa moyo, ni kwa sababu ya biashara. Anayebonyeza amapiano anasubiri logidramu iingie, na wimbo wako ukiurekebisha nilivyosema, logidramu itakuwa mgeni wa kupita. Sekunde 15 tu atakuwa ameshauruka. Utakuwa umejitafutia wasikilizaji wanaokukimbia. Na ukiandika chochote tu kama rafiki wa pili anavyotaka, utalala kwenye rafu moja na nyimbo za kulazia watoto. Mtindo mkuu andika elektroniki. Wa pili, tafuta kama kuna Afrika au Kongo kwenye orodha yao, weka hiyo. Neno karindula liandike kwenye maelezo ya wimbo na kwenye picha ya jalada, herufi kubwa. Wazambia nao wana kalindula yao, kwa L, watakaoitafuta watakukuta njiani.

DJ unayemtumia kwa simu usimtumie jina la mtindo hata kidogo. Mwandikie "94 hadi 101, inapanda, tatu kwa pigo". Huyo anataka kujua ataunganisha na nini, na tempo inayopanda itamsumbua kama hukumwonya. Ukiona inafaa, mtengenezee toleo la pili lililotulia kwenye 98.

Kuna kisanduku kimoja kwenye picha ya fomu uliyonitumia ambacho hukuniuliza. Kwenye watunzi umeandika jina lako peke yako, na kwenye wapigaji hakuna mtu. Jina la mjomba linaingia kwa wapigaji. Na kama ule wimbo anaoupiga kwa karindula ni wa kwake mwenyewe, hakufunzwa na mwingine, anaingia na kwa watunzi pia, mkubaliane asilimia kabla hujabonyeza tuma. Kamwulize kesho, uende na ile rekodi mpya ukamsikilizishe.